Mkono Ulioshika Chaki

Watu wa pale uwanjani walimwita Mama Chuma, na jina hilo halikumfaa hata kidogo, ila hakuna aliyelijua hilo zaidi yake mwenyewe. Kila Jumapili alasiri, kwenye kibanda cha shabaha kilicho kati ya bembea na farasi wa kuzunguka, alisimama nyuma ya ubao mnene, akapenyeza mkono wa kulia kwenye tundu la ubao ule, akashika kipande cha chaki kwa ncha za vidole. Mumewe, upande wa pili wa kaunta, aliinua bunduki ya upepo, akalenga, akafyatua, na chaki ikakatika vipande viwili. Watu walipiga makofi wakasema mama yule ana moyo wa chuma. Yeye alitoka nyuma ya ubao, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akaenda nyuma ya kibanda kutapika.

Si kila wiki, tusimsingizie. Kuna wiki alikaa tu juu ya debe lililopinduliwa, akisubiri mate yarudi mdomoni. Muuza bisi aliyeegesha toroli lake huko nyuma alishamwona mara nyingi katika hali ile, na kila mara alimpa pole ya vidonda vya tumbo, maana hivyo ndivyo alivyoambiwa. Alimpa na bisi za bure za kutuliza tumbo. Mwanamke hakuwa na vidonda vyovyote. Alikuwa na woga, woga mtupu, na alikuwa nao tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo iliyomponza. Walikuwa wameoana juzijuzi tu. Msaidizi aliyekuwa akishika chaki aliaga kwamba anakwenda msalani, akapotea moja kwa moja, na watu walikwisha kujaa. Bwana akamgeukia mkewe mpya akamuuliza, "Utaweza?" Naye, kwa kutaka kuonekana tu, si kwa lingine, akajibu, "Kwani kuna nini hapo?" Basi akasimama. Akaona dunia nzima imehamia kwenye ncha za vidole vyake, akasikia mlio, chaki ikaruka. Jioni ile mumewe alimsifu kwa kila aliyepita, kwamba amepata mke, mke mwenye moyo wa chuma. Sasa niambie wewe, mtu akishasifiwa hivyo mbele za watu, atarudije nyuma aseme alikaribia kujikojolea? Akanyamaza. Na ukishanyamaza mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa mgumu zaidi, na baadaye hujui hata ungeanzia wapi.

Na vidole kwake havikuwa pambo. Alikuwa mshonaji. Siku za kazi alikaa kibarazani kwake na cherehani ya kukanyaga, akishona sare za shule, akibadilisha zipu, akipunguza viuno vya suruali za waliokonda na kuongeza vya walionenepa, na hao wa pili ndio waliokuwa wengi. Vidole vile vilijua kitambaa hata macho yakiwa kwingine. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni, alipopiga pasi gauni lake jekundu la kibandani, alikuwa akiviangalia kama mtu anayeagana navyo. Kirisasi cha bunduki ya upepo ni kitu kidogo, watu wanakidharau. Yeye alishaona kinavyoingia kwenye mkebe wa maziwa mbele na kutokea nyuma, na kidole ni laini kuliko mkebe. Chakula cha Jumamosi usiku hakikumshuka, na cha Jumapili asubuhi hakukigusa kabisa.

Mumewe naye aliitwa kwa jina la kibandani, Jicho. Alikuwa mtu mwembamba, ana maneno, na kitu alichopenda kukizungumzia kuliko vyote kilikuwa bunduki yake. Aliipa jina la Andunje kwa ufupi wake. Ilikuwa bunduki ya springi, ile ya kukunjwa katikati. Unaushika mtutu, unaushusha mpaka springi iliyo ndani ibanwe na kunasa, unatia kirisasi, unafunga. Ukivuta triga, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa ndiyo inayotoa kirisasi. Mtutu wake Jicho aliukata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, miaka hiyo ya mwanzo, kisha akashinda kutwa nzima akiusawazisha mdomo kwa tupa. Mdomo wa mtutu, alisema, ukibaki na mkwaruzo hata mdogo, kirisasi kinatoka kimeelekea upande huo. Lakini kwa nini aliukata, hakuwahi kusema. Ukimuuliza alijibu kwamba aliuona mrefu mno, basi.

Hakukosekana kijana wa kubisha.

"Mzee, hii umeikata, haina nguvu tena. Mtutu mrefu ndio wenye nguvu."

"Hiyo ni ya baruti, mwanangu," Jicho alijibu, na uso ukamng'aa, maana hapo ndipo alipokuwa akipangoja. "Hii ina pumzi moja tu. Ulipokuwa mtoto hukuwahi kupuliza mbegu kwenye bomba la jani la papai?"

"Nimepuliza sana."

"Bomba likiwa refu kama fimbo, pumzi inakwisha mbegu ingali katikati. Kinachobaki ni kujikwaruza njiani. Na springi ni vivyo hivyo. Pumzi yake yote inaitoa mwanzoni, na urefu unaobaki hauiongezei kitu."

Halafu akaingia kwenye usahihi, na hapo kijana alikuwa ameshachoka anatafuta pa kutorokea. Springi ikiachiwa, Jicho alieleza, bunduki inarudi nyuma, na pistoni ikifika mwisho inairusha mbele. Yote hayo yanatokea kirisasi kikiwa bado ndani. Mtutu ukiwa mrefu, kinakaa humo muda zaidi huku bunduki ikicheza, na mkono wako ukitetemeka kinatoka na mtetemo wako. Mtutu ukiwa mfupi, kinawahi kutoka kabla hujaharibu mambo. "Ndefu inataka mkono uliotulia," alimalizia. "Fupi inasamehe."

Mama Chuma aliijua hotuba hiyo neno kwa neno. Wakati mwingine, akiwa nyuma ya ubao anangoja zamu yake, midomo yake iliifuata kimyakimya. Ndiyo iliyokuwa faraja yake. Mume ni binadamu, anaweza kuamka vibaya, lakini Andunje inasamehe.

Ndiyo maana siku Jicho alipoingia nyumbani amebeba bunduki mpya, ndefu, inang'aa, mkewe aliliacha shati la watu chini ya sindano.

"Hiyo nini?"

"Bunduki."

"Naona ni bunduki. Ni ndefu."

"Watu wanapenda ndefu. Inajaza macho."

"Si wewe uliyesema ndefu inataka..."

"Nilisema, nilisema. Kwani mtu habadiliki?" Na hakumtazama. Alikwenda ndani, akaiegesha pembeni, akajipaka dawa ya kuchua begani, kama alivyokuwa akifanya siku nyingi sasa kwa maelezo kwamba amelalia vibaya. Mkewe alibaki na mguu juu ya pedali. Ni kiburi, aliwaza. Uzee umemwingia na anataka vitu vya kung'aa, na vidole vitakavyolipia ni vyangu.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na siri nyingine ndogo. Kila Jumamosi Jicho aliingia kutoka uani na kadi ya shabaha aliyofanyia mazoezi, akaitupa juu ya meza, akaenda kuoga. Yeye aliichukua, akatafuta kifungo cha shati katika kopo lake la vifungo, akakiweka juu ya matundu. Matundu yote yakijificha chini ya kifungo kimoja cha shati, anaweza kulala. Kwa miaka yote ya Andunje yalijificha. Wiki ya kwanza ya ile ndefu, kifungo cha shati kilifunika moja tu. Akajaribu kifungo cha koti, cha koti kubwa la baridi, na matundu yakamtazama kutoka pande zote. Mwishowe alichukua kifuniko cha chupa ya jamu. Kifuniko cha jamu, jamani, ni kipana kuliko kiganja cha mtoto, na chaki aliyokuwa akiishika ilikuwa nyembamba kama kidole chake chenyewe. Usiku ule hakupata usingizi.

Jumapili ile kirisasi cha kwanza kiligonga ubao pembeni. Cha pili kilichuna ncha ya chaki, na akausikia upepo wake ukimpitia juu ya ukucha wa gumba. Cha tatu ndicho kilichokata. Watu walishangilia kwa sababu walidhani kukosakosa ni sehemu ya mchezo. Nyuma ya kibanda muuza bisi alimshika mkono ili asianguke, akamwambia vidonda hivi aende akavionyeshe kwa daktari.

Angeweza kusema. Kila mtu anayesikia habari hii anasema angesema. Yeye hakusema, kwa sababu kusema "naogopa bunduki mpya" kungevuta "na ile ya zamani je," na nyuma ya hapo kulikuwa na ndoa nzima. Badala yake alifanya kile ambacho mshonaji pekee angekifikiria. Aliisikiliza ile bunduki. Jicho alipofanya mazoezi uani, springi ilikuwa ikilia ndani, mlio wa chuma kinachokwaruza chuma, na bunduki ikirukaruka mikononi mwake. Na kama kuna kitu alichokijua duniani ni hiki: cherehani ikilia, ikirusha mishono, inataka mafuta. Ukiipa inatulia, na mshono unanyooka. Aliona kama Mungu kamfungulia mlango.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Jicho akiwa kwa kinyozi, alifunga mlango, akaiweka bunduki mapajani. Aliushusha mtutu kidogo, usifike pa kunasa, akashangaa jinsi ulivyoshuka kirahisi, kwa mkono mmoja tu. Hapo katikati, nyuma ya mtutu, akaona kitundu hewa inapotokea. Akachukua kikopo chake cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mrefu, akaingiza. Akaupandisha mtutu na kuushusha, akasikiliza. Bado ulilia kidogo. Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka ukawa unashuka kimya kabisa. Akaifuta kwa kitambaa, akairudisha pembeni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili akanywa chai.

Hata hivyo, saa ya kusimama ilipofika, miguu ilikataa. Hakuna maneno mengine ya kulieleza jambo hilo. Alikuwa amevaa gauni jekundu, amekwisha kufika nyuma ya kibanda, watu wamejaa mpaka kwenye farasi wa kuzunguka, na miguu haikuondoka pale kwenye debe. Binti yao alikuwa amekuja siku ile kuwasalimia. Huyu alikuwa msusi, na baba yake alimpa jina la Vidole tangu alipoanza kusuka nywele za wanasesere, maana mikono yake ilikwenda mbio hata macho yasiifuate. Wateja walipanga foleni kwa ajili ya vidole hivyo.

"Mama, una nini? Mbona umekuwa hivyo?"

"Leo siwezi, mwanangu. Mwambie baba yako leo hakuna chaki."

Binti alichungulia umati, akamrudia mama yake. "Watu wote hawa? Acha, nitasimama mimi."

"Si wewe. Hapana."

"Miaka yote umesimama wewe. Mimi nishindwe mara moja?" Akaokota kipande cha chaki juu ya kasha, akacheka. "Kwani kuna nini hapo?"

Maneno yaleyale. Mama yake alimwona binti akienda kunong'ona na baba yake, akamwona Jicho akigeuka kumtafuta yeye kwa macho, uso una swali. Hapo bado angeweza kutikisa kichwa. Lakini alijiambia, nimeitia mafuta, imetulia, leo ni salama kuliko juzi. Akatazama chini. Jicho akachukua hiyo kuwa ndiyo.

Kabla ya chaki, Jicho alikuwa na desturi ya kupiga mkebe mmoja, ili macho na mkono vizoeane. Akaikoki ile ndefu, akalenga mkebe, akavuta.

Haukuwa mlio wa bunduki ya upepo. Ulikuwa mshindo, mshindo wa bunduki ya kweli, na mtoto mmoja kwenye bembea akaanza kulia. Mkebe ulitoweka. Ubao wa nyuma, ule uliomeza virisasi miaka nenda miaka rudi, ulikuwa na tundu jipya lenye kupitisha mwanga. Moshi wa samawati ulikuwa ukitoka taratibu kwenye mdomo wa mtutu, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikaenea mpaka nyuma ya kibanda. Watu wakashangilia kama hawajawahi. Walitaka tena.

Jicho aliitazama bunduki, akanusa, akatikisa kichwa, kisha akawageukia watu kwa sauti yake ya hotuba. "Msishtuke. Hayo ni mafuta ya kiwandani, bunduki mpya huja nayo. Springi inaibana hewa ghafla, hewa inapata moto, mafuta yanawaka kama baruti. Yakiwaka hivyo, kirisasi kinakwenda kinakotaka. Lakini tone likishaungua limeisha. Sasa imetulia." Akaikunja tena, akatia kirisasi kingine.

Kule nyuma, Mama Chuma aliyasikia maneno yale moja moja. Mafuta yanawaka. Kinakwenda kinakotaka. Na tone likishaungua limeisha, naye alijua halikuwa tone. Alijua kikopo kilivyorudi chepesi. Kupitia upenyo aliuona mkono wa binti yake ukitokea kwenye tundu la ubao, vidole vitatu vimeshika chaki, vimetulia, havina wasiwasi wowote, maana havikujua kitu. Alijaribu kuita jina la mumewe, ikatoka pumzi tu. Jicho alikuwa ameshaweka kitako begani.

Miguu iliyokataa kwenda kwenye chaki ilikubali kwenda huko. Hakujua ilivyomfikisha. Alipita chini ya kaunta, akaangusha kasha la mikebe, akaenda akasimama mbele ya ule mkono, mgongo wake umeugusa, uso umeelekea mtutu. Katika miaka yote ile hakuwahi kusimama mbele ya ubao. Kutoka hapo mdomo wa bunduki unaonekana mdogo sana, mweusi, na yeye aliutazama huku anatetemeka mwili mzima, meno na yote, na watu wote wanamwona.

Kidole cha Jicho kilitoka kwenye triga. Aliuelekeza mtutu juu, kisha chini, akiwa mweupe midomoni.

"Toka hapo, mke wangu."

"Nimeitia mafuta."

"Nini?"

"Mafuta ya cherehani. Asubuhi. Kwenye kile kitundu."

Jicho aliiweka bunduki kaunta polepole, mtutu ukielekea ardhini. "Matone mangapi?"

"Sikuhesabu. Nilitia mpaka ikaacha kulia."

"Kwa nini, mke wangu?"

Hapo angeweza kudanganya, na uongo alikuwa nao wa kutosha, alishaufanyia mazoezi miaka. Lakini nyuma ya mgongo wake vidole vya binti yake vilikuwa vimeachia chaki na kumshika gauni. "Naogopa," alisema. "Naogopa bunduki hiyo. Niliogopa na ile nyingine. Nimeogopa tangu ile siku ya kwanza, kila Jumapili, sijawahi kuacha. Sina moyo wa chuma mimi. Moyo wangu ni huu huu kama wa watu."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemsaidia kucheka, akaacha. Kutoka nyuma ya kibanda ikasikika sauti ya muuza bisi, ya kujisemea mwenyewe. "Kumbe si vidonda."

Jicho alikitoa kirisasi kwenye ile ndefu, akaisukuma mbali naye, akainama chini ya kaunta. Alipoinuka alikuwa na Andunje. Watu walidhani mchezo unaendelea, wakasogea. Aliushika mtutu mfupi, akabana kitako pajani, akavuta. Ukashuka nusu, ukagoma. Akavuta tena, mishipa ya shingo imesimama, bega la kulia likaanza kucheza lenyewe, na mtutu ukarudi juu. Akajaribu mara nyingine, akakaa hivyo, ameuinamia, anahema, hataki kuinua uso.

Na mkewe akaelewa pale pale. Alikumbuka jinsi ile ndefu ilivyoshuka kwa mkono mmoja. Mtutu ndio mpini wa kukokia, na ukiwa mrefu unakusaidia, ukiwa mfupi nguvu yote unaitoa wewe. Haikuwa kiburi wala vitu vya kung'aa. Mkono wa mume wake ulikuwa umekwisha, na alikuwa amekwenda kutafuta bunduki anayoweza kuikunja, akanyamaza kama yeye.

Akaenda akaichukua Andunje mikononi mwake.

"Ni ngumu," Jicho alisema kwa sauti ya chini.

"Nionyeshe pa kushika."

"Hapo. Kwa mikono miwili. Na usiuachie katikati. Ukikuponyoka utarudi kwa nguvu ya springi yote, utakuvunja vidole."

Basi vidole vyake ndivyo vikarudi tena kwenye hatari, safari hii kwa kupenda kwake. Aliogopa vilevile, tusidanganyane. Aliweka kitako pajani juu ya gauni jekundu, akavuta kwa mikono inayokata makoti ya watu, akasikia springi ikimpinga, ikampinga, jasho likamwingia machoni, akafika pale nusu ambapo mumewe alishindwa, na mtutu ukaanza kumtetemekea. Jicho alikuwa ameweka mikono yake chini ya mikono ya mkewe, haikusaidia kitu, lakini aliiweka. Kisha ndani kukasikika mnaso. Akatia kirisasi, akafunga, akampa.

Binti yao Vidole alikuwa ameurudisha mkono kwenye tundu.

"Toa huo mkono," mama yake akasema.

Chaki waliibana kwenye kibanio cha nguo, kibanio wakakigongomelea pembeni ya tundu. Jicho alilenga muda mrefu, akafyatua, ule mlio mdogo wa zamani, na chaki ikakatika katikati. Makofi yalikuwa machache. Bwana mmoja mwenye kofia akasema bila mkono wa mtu haina utamu.

"Lete wako basi," Vidole akamwambia, na watu wakamcheka bwana yule mpaka akaondoka.

Walipofunga kibanda, jua lingali juu, mume na mke walikaa nyuma, mke juu ya debe lake na Jicho juu ya kasha, Andunje katikati yao. Binti alikuwa anafagia mikebe na kujifanya hasikii.

"Mbona hukuniambia?" Jicho akauliza.

"Na wewe bega lako?"

Jicho alipitisha gumba kwenye mdomo wa mtutu, pale alipopiga tupa zamani, pamekuwa laini kabisa. "Hujawahi kujua kwa nini niliukata."

"Ulisema ulikuwa mrefu mno."

"Siku ile ya kwanza ulipotoa mkono, nilitetemeka. Uliposema kwani kuna nini, nikaona huyu haogopi, nitamwambiaje kwamba mimi naogopa? Nikainua bunduki, nikaona chaki mbili, mikono miwili. Nikafumba macho, nikavuta."

Mkewe alimgeukia. "Ulifumba macho?"

"Nilifumba. Ile chaki ilikatika kwa bahati tu. Kesho yake nikachukua msumeno. Nilijua kutetemeka sitaacha, kila nikiona mkono wako nitatetemeka tu. Nikasema basi, angalau kirisasi kiwahi kutoka kabla ya mtetemo wangu kukifikia. Nikakata sehemu kubwa, mpaka ikawa shida kuikoki tangu siku ile. Nikasema acha iwe shida."

Mkewe alivitazama vidole vyake, vyote vipo, vina alama nyekundu za mtutu. Kisha akauchukua mkono wa mumewe akauweka mapajani. Ulikuwa unatetemeka, na wa kwake pia ulikuwa unatetemeka, na hakuna aliyeuficha.

Muuza bisi alikuja na toroli lake kama kawaida, akawatazama. Siku ile alitoa pakiti mbili.